Kilo Themanini na Sita

Naanza na mtunza ghala, kwa sababu huyo ndiye niliyemchukia wa kwanza. Zahanati ya shamba ilikuwa na mizani moja tu, ile ya kutundika watoto wachanga kwenye mfuko wenye matundu ya miguu, na mimi sikuwa mtoto mchanga. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi, nikishagawa chai ya wafanyakazi, nilivuka uwanja wa matrekta kwenda kupimwa ghalani juu ya mizani ya magunia. Gunia la ngano pale lilikuwa kilo tisini. Siku ya kwanza nilipopanda, yule bwana alisukuma kile chuma cha kupimia mpaka kikatulia, akawageukia wapakiaji na kutangaza kama mtu wa mnadani: "Gunia moja na kilo nane juu!" Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilishuka nikamwambia kwamba hata yeye akipimwa pamoja na ujinga wake gunia atalipita. Jumamosi iliyofuata nikarudi hivyo hivyo, maana mizani nyingine haikuwepo.

Sikwenda pale kwa ajili ya urembo. Miaka ile, kwetu, mwanamke mnene alisifiwa na aliyekonda alisemwa. Nilikuwa mpishi wa mesi katika shamba la ngano la serikali, kwenye uwanda wa Hanang, na mume wangu alikuwa dereva wa trekta hapo hapo. Nilikuwa nimezaa watoto wanne. Baada ya yule wa nne kitovu changu kilitoka nje na hakikurudi, kikawa uvimbe ambao nikisimama unajaa kiganja na nikilala unazama. Ngiri. Niliifunga kwa kanga, nikaendelea kunyanyua masufuria ya watu mia mbili.

Daktari wa upasuaji katika hospitali ya misheni, kule juu Mbulu, alinibonyeza tumbo kwa vidole vyake vya baridi na kukataa. "Sikupasui hivi," alisema. "Nikishona kwenye mafuta haya, uzi hautashika. Ukiwa chini ya kilo themanini, njoo." Nikamuuliza, je, nisipofika? Alinijibu bila kupepesa macho kwamba siku utumbo utakaponaswa humo ndani usirudi, nitakuwa na saa chache tu za kuishi. Kutoka shambani kwetu mpaka meza yake ilikuwa safari ya siku nzima, na wakati wa mvua ilikuwa siku mbili kama lori litapatikana. Tena akasema mwisho wa mwezi wa tisa anarudi kwao, na nani atakuja baada yake hajui. Hapo ulikuwa mwezi wa tatu. Nilitoka nimekasirika kana kwamba yeye ndiye aliyeniwekea ile ngiri.

Wa pili kumchukia alikuwa sista wa zahanati ya shamba. Alikuwa mtu wa kuja, mwembamba, mwenye saa kifuani na neno kwa kila kitu. Alinikalisha akanihoji ninakula nini, nami nikamtajia: ugali, mkate, mandazi. Akauliza, "Na unapoonja?" Eti ninapoonja! Mpishi asiyeonja ni mpishi gani? Aliendelea kunikamua mpaka nikakiri ukoko wa sufuria, ncha za mikate na mchuzi wa mwisho ambao ni haramu kuumwaga. Akavikata vyote. Akaniachia ugali kipande cha ngumi yangu, maharage, majani ya mnafu na figiri nitakavyo, na kuonja kwa ncha ya kijiko tena nikateme. Nikamuuliza kama amewahi kupikia watu mia mbili kwa kutema mate. Akasema hajawahi, na kwamba ngiri pia hana.

Basi nikafanya. Kwa hasira, lakini nikafanya. Nilikata mkate wa watu huku mate yakinijaa mdomoni, nikakaanga mandazi ya vikao vya wakubwa bila kugusa hata moja. Ilipokuwa zamu ya kusugua masufuria nilimwita msaidizi asugue ule ukoko kabla sijauangalia. Mzani ukasikia. Tisini na tano. Tisini na mbili. Siku niliyofika themanini na tisa yule mtunza ghala alitangaza, "Halijai gunia!" na kwa mara ya kwanza wapakiaji walinipigia makofi. Mwishoni mwa mwezi wa sita, kombaini za kuvuna zilipoingia shambani, nilikuwa kilo themanini na sita. Nilirudi mesi nikiimba.

Jumamosi iliyofuata, themanini na sita. Iliyofuata, themanini na sita. Ya tatu, themanini na sita na nusu.

Niliuambia ule mzani maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwambia mtunza ghala ameuchezea, akaleta gunia jipya lililoshonwa, akaliweka, likasoma tisini bila kasoro. Nilikwenda kwa sista na kumwambia dawa yake imekwisha nguvu. Yeye akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha kuku, kwamba mwili wa kilo themanini na sita hauli kama mwili wa kilo tisini na nane. Gari limekuwa dogo, akasema, na wewe unalitia mafuta yale yale. Lazima upunguze tena kidogo, na lazima utembee, maana mesini unasimama tu. "Lakini usijinyime kabisa," aliongeza. "Ukijinyima utaanguka."

Sikusikia ile ya mwisho. Nilipunguza ugali ukawa nusu ngumi, halafu nikauacha. Niliacha maharage. Nikabaki na majani, asubuhi na jioni, kama mbuzi. Bado themanini na sita. Nilikuwa nalala na njaa, naamka na njaa, nawagombeza watoto wangu kwa sababu wanatafuna kwa sauti. Mume wangu alikaa mbali na mimi, na alifanya vizuri. Mwezi wa saba ukaisha, na nikihesabu Jumamosi zilizobaki kabla ya daktari kuondoka zilikuwa za kuhesabu kwa vidole tu.

Sasa nimfikie mama mkwe wangu.

Mimi nilizaliwa Mbulu juu, kwa wakulima, watu wa kanisa na shamba la mahindi. Mume wangu ni mtoto wa wafugaji wa uwandani, na mama yake hakunisamehe hilo. Aliniita mwanamke wa ngano. Ngano hiyo ilikuwa imekula malisho yao. Boma lake lilikuwa upande wa Hirbadaw, na njia yake ya kuja kwetu, ambayo miguu ya ng'ombe wao ilikuwa imeichimba tangu enzi za wazee, ilikuwa imelimwa. Tena, ili mjue nilioa katika nyumba gani, eti nimesema nilioa, niliolewa, aliyeilima ile njia ni mwanawe mwenyewe, mume wangu, na jembe la sahani ishirini. Alipoambiwa lima alilima. Tangu hapo mama yake alilazimika kuzunguka shamba zima, saa moja na nusu kwa mguu, kwa sababu walinzi hawakuruhusu mtu kukanyaga ngano. Mwaka ule mtoto wake mkubwa alikuwa ameswaga ng'ombe wote kwenda kutafuta malisho Yaeda Chini, akamwachia mama ng'ombe wa kukamua na ndama wao. Wangapi, sikuuliza.

Zamani alikuja Jumapili moja moja, akiwaletea watoto maziwa. Tangu kombaini zilipoingia alianza kuja kila siku. Saa tatu asubuhi alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa mesi, shuka lake jekundu limejaa vumbi, kibuyu mkononi. Nilimwamkia, maana hata ukichukiana na mtu shikamoo haiachwi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kunywa."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza na hakutaka kukipoteza kwangu. Alisimama pale mlangoni mpaka nimalize, kwa sababu kwao kibuyu cha maziwa uliyoletewa na mkweo kinarudi kitupu siku hiyo hiyo. Ukibakiza, umemtakia ng'ombe akauke. Ukikataa, umekataa ukoo. Maziwa yenyewe yalikuwa mazito, yenye chembe za mkaa wa kusafishia kibuyu, na utando wa mafuta juu ulioshika mdomoni. Nilikunywa yote bila kushusha pumzi ili aondoke upesi. Halafu alichukua kibuyu chake, akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani kama anayenunua, akaondoka. Moyoni nilimwombea ajikwae.

Siku moja mwanzoni mwa mwezi wa nane nikaanguka. Nilikuwa nainua kifuniko cha sufuria ya maharage, mvuke ukanipiga usoni, nikaona giza, nikaenda chini. Bahati yangu nilidondokea upande wa kuni. Msaidizi wangu alipiga yowe la msiba. Nilipofumbua macho, sista alikuwa amenishika mkono anahesabu mapigo kwa ile saa yake.

"Umekula nini leo?"

"Majani."

"Na jana?"

"Majani! Nimekwambia majani! Naota majani!"

Aliuachia mkono wangu. Kisha akasema kwamba Jumamosi atakuja mwenyewe ghalani kuona ninavyopimwa, kwa sababu ama mzani unadanganya, ama mwili wangu ni muujiza, ama mimi ni mwongo. Alisema hilo la mwisho huku akinitazama usoni. Hasira zilinipanda nikasahau kizunguzungu.

Jumamosi ikafika. Tulikuwa ghalani, mimi, sista, mtunza ghala na wapakiaji wake, wakati wa kilele cha mavuno, vumbi la ngano limetanda mpaka unapiga chafya. Nilipanda. Chuma kikasukumwa. Themanini na sita. Nilishuka machozi yakinitoka, na yalikuwa ya ghadhabu. Hapo hapo mama mkwe wangu akatokea mlangoni na kibuyu chake. Alikuwa amenikosa mesi, akaelekezwa huku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kunywa."

Nikapokea. Huku nakunywa, huku namlalamikia sista. Nilikata, nikasema, "Tangu jana mchana sijatia kitu mdomoni, Mungu wangu ni shahidi!" nikaendelea kumeza. Nikakata tena: "Hata chumvi nimeionja nikatema!" Nikamaliza, nikajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

Sista alikuwa ameduwaa. "Hicho ni nini?" aliuliza.

"Kipi?"

"Hicho ulichokunywa."

"Haya? Haya ni maziwa."

"Unakunywa kila siku?"

"Ananiletea kila siku, nifanyeje?"

"Na kila nilipokuuliza unakula nini, mbona hukuyataja?"

Nikamshangaa kwa dhati. Uliniuliza ninakula nini, nilimwambia. Maziwa nani anayala? Katika nyumba ile niliyoolewa mtu alikunywa kibuyu kizima kisha akalala akilalamika kwamba leo hakuna aliyempa chakula, na hakuna aliyemcheka. Miaka kumi na tatu nilikuwa nimeishi nao, na hilo lilikuwa limeniingia bila mimi kujua. Sista hakubishana na mimi. Alichukua kibuyu kile kitupu, akakijaza maji ya pipa, akaanza kuyamimina kwenye kikombe kikubwa cha bati cha wapakiaji. Kimoja. Viwili. Vitatu. Cha nne kikafika nusu.

"Maziwa mazima," alisema, "na mafuta yake juu. Kila asubuhi. Halafu unakwenda kutafuna majani na kuniambia dawa yangu haifanyi kazi."

Wapakiaji walianza. Mmoja akasema, "Kumbe gunia linajazwa kwa nyuma!" Vicheko vikapasuka, na mtunza ghala alicheka kuliko wote. Na mimi, badala ya kuwageukia wao, nilimgeukia yule bibi mwenye shuka jekundu aliyesimama mlangoni, ambaye hakuelewa nusu ya yaliyosemwa.

Nilimpigia kelele kwa Kiswahili na kwa lugha yake, ile kidogo niliyokuwa nayo. Nilimwambia ananiua. Nilimwambia wiki sita nimelala na njaa kwa ajili ya kibuyu chake, daktari anaondoka, tumbo langu litajifunga nife njiani juu ya lori, na yeye atafurahi, apate kumwoza mwanawe mwanamke mwenye ng'ombe. Mbele za wanaume wote wale nilimwambia sitaki maziwa yake, leo, kesho wala siku nyingine. Mkwe hatamki maneno hayo. Sista alinivuta mkono, nikamsukuma.

Mama mkwe alisubiri mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akajibu, polepole, na mpakiaji mmoja wa huko kwao akatafsiri kwa wengine, ingawa mimi nilielewa vizuri. Alisema aliniona ninakauka. Alisema mwanamke akikauka ndani ya ukoo wao, watu wataanza kusema mama mkwe hampi. Alisema amezunguka ngano hii kila siku kwa miguu ili asisemwe hivyo. Halafu akanyoosha mkono kuuelekea mzani.

"Hiki chuma ndicho kinasema mimi nakuua?"

"Ndiyo!"

"Basi na kinipime na mimi. Tuone nani anakufa."

Akapanda. Alipanda na shuka lake, na bangili zake za shaba, na fimbo yake, akasimama ameinua kidevu. Mtunza ghala alikuwa bado anacheka. Alikisukuma kile chuma kutoka kwenye themanini yangu kuja nyuma. Akakisukuma tena. Akakisukuma tena. Kicheko chake kilikwisha njiani. Aliinama kuangalia kama kuna kitu kimekwama chini ya sahani, akapuliza vumbi, akarudia.

"Thelathini na saba," alisema, na safari hii hakutangaza.

Sista alimshusha kwa kumshika mkono, na nilipouona ule mkono ndani ya mkono wa sista nilishangaa kwamba nilikuwa sijawahi kuuangalia. Alimwuliza, "Mama, wewe unakula nini?"

Yule mpakiaji akatafsiri. Mama mkwe alimtazama sista kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu.

"Maziwa," alisema.

"Una ng'ombe wangapi wa kukamua?"

"Mmoja. Wa pili alikauka kombaini zilipoingia."

"Leo umekunywa?"

Mama mkwe alikuwa anakiangalia kibuyu, kilichokuwa sakafuni na maji ya pipa yakidondoka kutoka mdomoni mwake.

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini nisijisingizie wema: kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa hasira. Nani alimwomba? Nani alimtuma ajikaushe ili aninenepeshe mimi, kisha anibebeshe dhambi hiyo mbele ya wapakiaji? Hizo kilo nilizokuwa nazitafuta kwenye majani, nilizozitukania mzani na kuzilalia njaa, zilikuwa zake. Nilikuwa nazinywa kila asubuhi nikimwombea ajikwae. Alichukua kibuyu chake, akakikung'uta, akaondoka bila kuniaga.

Jioni nilimsubiri mume wangu ashuke kwenye trekta. "Njia ya mama yako uliilima wewe," nilimwambia.

"Nililima nilichoambiwa."

"Mama yako ana kilo thelathini na saba."

Alikaa kwenye tairi akavua kofia. Nilidhani atasema kitu. Alichosema ni kwamba kesho wanaanza kipande cha upande wa Nangwa na kwamba atachelewa kurudi. Usiku huo sikumpakulia chakula.

Kesho yake mama mkwe hakuja. Keshokutwa pia. Siku ya tatu, baada ya kuosha vyombo vya mchana, nilikaza kanga juu ya ngiri yangu nikaenda mimi. Nilipofika kwenye ukingo wa shamba, ngano ya upande ule ilikuwa imeshavunwa, yamebaki mabua tu. Mlinzi alinipigia filimbi. Nikamwambia aje anitoe mwenyewe kama ana ubavu, nikakata katikati ya mabua palepale njia ilipokuwa. Hakuja. Nyayo zangu zilikuwa zinachomwa, jasho linanitoka mpaka machoni, nami nilitukana hatua kwa hatua: shamba, trekta, daktari, sista, na hasa huyo bibi.

Nilimkuta anakamua. Ng'ombe mmoja, kama alivyosema, mbavu nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunitukana nyumbani kwangu?"

"Nimekuja kukuona ukinywa."

Alisema si kazi yangu. Nikasema wala yake haikuwa kazi yake. Alisema hana njaa. Nikamwambia kilo thelathini na saba ni uzito wa mwanafunzi wa darasa la tano. Alisema kile chuma ni cha serikali, na serikali imeshamdanganya mara nyingi. Tulipandishiana sauti mpaka ndama akakimbia. Mwisho akaona siondoki, na giza linakuja. Akakiinua kibuyu akanywa akinitazama kwa chuki ya wazi, nami nilisimama mlangoni mpaka amalize.

Ikawa hivyo kila siku, wiki saba. Nilikwenda kwa mguu alasiri, nikarudi jua likizama. Sista aliposikia alisema hiyo ndiyo dawa yenyewe aliyoniambia tangu mwanzo, kutembea, kwa hiyo nimerudi kwenye mstari. Akanirudishia ugali wa ngumi moja na maharage, akaniapisha nile. Nikala, nikatembea, na mzani ukaachia. Themanini na tano. Themanini na tatu. Nilimburuta na mama mkwe ghalani kila Jumamosi, maana sikumwamini. Thelathini na nane. Thelathini na tisa na nusu. Mtunza ghala aliandika ubavuni mwa ukuta kwa chaki, yangu kushoto na yake kulia, na wapakiaji wakaacha utani. Siku mama mkwe alipofika arobaini na moja nilikuwa themanini kamili, naye akaniambia kwamba kwa uso huu uliochongoka sasa nimekuwa mbaya rasmi.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa tisa nilisimama mbele ya daktari, sabini na tisa. Alinibonyeza tena kwa vidole vile vile vya baridi, hakunipongeza, akasema kesho asubuhi usile. Nilipasuliwa. Uzi ukashika. Siku tatu baadaye yeye aliondoka, na mimi nikabaki wodini wiki mbili zaidi kwa sababu ya homa ya kidonda, nikiwagombeza manesi. Kila alasiri saa ya kwenda kwa mama mkwe ilipofika miguu yangu ilihangaika chini ya blanketi. Mume wangu alikuja mara moja. Nilimwuliza kama mama yake anakunywa. Akasema anadhani anakunywa.

Anadhani!

Lori lilinishusha mesi Jumatano. Nilikatazwa kunyanyua kitu, kukohoa kwa nguvu na kutembea mwendo mrefu. Alhamisi nilikwenda kwake kwa kukaa juu ya trekta la mume wangu, nikimshurutisha aende taratibu, kila tuta likinikata tumbo. Hakutaka kuingia. Nikashuka, nikaingia peke yangu.

Ndani ya nyumba yake, kwenye ukuta wa upande wa kitanda, vibuyu vilikuwa vimepangwa mstari. Sita. Nilikitikisa cha kwanza kwa mkono mmoja, kizito. Cha pili, kizito. Vyote sita vilikuwa vimejaa, maziwa yameshaganda. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, na shuka lilikuwa limemning'inia mabegani. Sikuhitaji mzani wa serikali kuniambia.

"Umekatwa tumbo," alisema. "Mtu aliyekatwa anahitaji. Kunywa."

Nilifungua mdomo nimpigie kelele kama nilivyokuwa nimempigia pale ghalani, na mshono ukanivuta mpaka nikashika ukuta.

"Usipige kelele," alisema. "Utapasuka."

Ni kweli nisingeweza. Nilishusha kibuyu cha kwanza kwenye ule mstari kwa mikono miwili, taratibu, nikakifungua na kumpa yeye.

"Wewe kwanza, mama."

"Nimekuwekea wewe."

"Nimesema wewe kwanza. Mimi nina siku nzima."

Nje mume wangu alikuwa amelizima trekta. Mama mkwe alinitazama, akaitazama ile kanga niliyofunga juu ya kidonda, akasema kwa lugha yake neno moja ambalo ni tusi la mtu mkaidi. Kisha akakipokea. Nilisimama mlangoni mpaka amalize.